Kigoda cha Msindikizaji

Ukumbi wa halmashauri ulijaa watu hadi madirishani. Ilikuwa siku ya ajira, siku ambayo viwanda vya mji vinaleta meza na mabango, na watu waliokosa kazi muda mrefu wanaleta vyeti vyao ndani ya mifuko ya plastiki, nguo zimepigwa pasi, roho mkononi. Feni za darini zilizunguka bila kumfaidi mtu.

Kijana mmoja mrefu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, alikuwa amesimama kando ya ukuta tangu asubuhi, mkono wa kushoto umo mfukoni. Miguu ilipomchoka akaona kigoda cha kukunja, cha mbao na turubai, kimeachwa peke yake karibu na nguzo. Akakikalia. Mguu mmoja ukafyatuka, naye akajikuta chini, mbele ya viatu vyeusi vya mwanamke.

"Pole," sauti ikasema kutoka juu. "Lakini hicho kina mwenyewe."

Akainua macho. Aliona sketi ya kijivu, koti la buluu la halmashauri, kitambaa cha njano kichwani, na uso wa duara uliokuwa unajizuia kucheka na kushindwa.

"Mwenyewe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi mwenyewe anataka kuua watu. Huu mguu ulilegea zamani."

"Mimi nakikalia kila siku na hakijawahi kulalamika."

"Kinakuonea haya tu."

Yule dada akacheka waziwazi. Kijana akaokota kipande cha mti kilichobanduka kwenye meza ya jirani, akakichonga kwa meno, akakipigilia kwenye tundu la mguu. Kazi hiyo inataka mikono miwili, na kwa kujisahau akautoa ule wa kushoto mfukoni. Ulikuwa umebaki na kidole gumba na cha shahada tu. Dada akauona. Kijana akatambua kwamba umeonekana, akaurudisha mfukoni haraka.

Wengi hapo husema pole, kisha huanza kuangalia pembeni. Huyu alisema, "Haya, kikalie wewe kwanza. Kikivunjika tena, uvunjike nacho."

Kijana akampenda hapohapo, ila hakujua. Alidhani ni njaa.

Alikuwa fundi wa msumeno katika kiwanda cha mbao, na jina la Fundi lilimbakia hata baada ya vidole kwenda. Tangu ajali ile kila alikoomba kazi waliuangalia mkono, wakamwambia watampigia simu.

"Nadhani hiyo simu bado wanaitafuta," alimwambia dada.

"Mkono ndio tatizo peke yake?"

Fundi akakitikisa kigoda kuona kama mguu umeshika. Kisha, kwa sababu asizozielewa, akamwambia jambo ambalo hata mama yake hakuwahi kulisikia. "Mashine ikinguruma, mwili wangu unakufa ganzi. Nasimama kama mlingoti. Sasa nani atamwajiri mlingoti?"

Dada akamweleza. Halmashauri na wenye viwanda walikuwa wameelewana. Mwenye kiwanda anatoa nafasi. Halmashauri inachangia mshahara wa miezi ya majaribio, na inatoa msindikizaji, mtu wa kukaa na mgeni kazini mpaka azoee. Akifaulu anaajiriwa moja kwa moja.

"Na huyo mtu wa kukaa nami ni nani?"

"Ni mwenye kigoda," alisema dada.

*

Kiwanda kilifua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Ukiingia tu mlangoni, harufu ya sabuni inakukumbatia kabla hujasalimia. Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kupita juu ya injini zote, na wafanyakazi walimwita Mama Mvuke. Katikati ya ukumbi ilikaa mashine kubwa ya kupiga pasi, silinda mbili za chuma zinazozunguka na moto tumboni. Hiyo waliiita Mama Mkwe.

"Mbona Mama Mkwe?" Fundi aliuliza.

"Kwa sababu anafuka moshi kutwa, hapendi kusubirishwa, na hata umfanyie nini haridhiki," alijibu Mama Mvuke, ambaye mwenyewe alikuwa na wakwe. Kisha akamvuta dada pembeni. "Mwanangu, nakwambia ukweli. Wenzangu wa mtaa huu wa viwanda wananitazama mimi. Huyu wako akifaulu, watafungua milango kwa wengine. Akishindwa, watasema walijua."

"Atafaulu, mama."

"Nasubiri kuona."

Mama Mkwe alipowashwa, Fundi aligeuka mlingoti kama alivyosema. Jasho lilimtoka, mkono wa kushoto ukazama mfukoni hadi kwenye kifundo, macho yakakodoka. Dada hakumshika wala hakumhimiza. Alikunjua kigoda chake pale pale ubavuni mwake, akakaa, akaanza kumenya chungwa.

"Unakula?" Fundi aliuliza kwa shida.

"Mashine inanguruma, tumbo langu nalo linanguruma. Nimeanza na ninaloliweza."

Alimpa kipande. Ili kukipokea ilibidi asogee. Kesho yake ilibidi asogee tena, na keshokutwa akashika ncha ya shuka bichi, dada akashika ncha ya pili, wakalilisha mashine kwa pamoja. Wafanyakazi wakapiga vigelegele, na tangu siku ile wakaanza kumwita dada huyo Dada Kigoda.

Sasa, msomaji, kuna jambo kuhusu mashuka ambalo asiyefanya kazi hiyo halijui. Shuka likitoka upande wa pili wa mashine, likiwa kavu na la moto, linakunjwa na watu wawili. Mnasimama mbalimbali, kila mtu na pembe zake. Mnalinyoosha, mnatembea kukutana, vidole vinagusana, mmoja anaachia pembe na mwingine anapokea. Kisha mnarudi nyuma, mnakutana tena. Mashuka ya hospitali ni mengi. Niambie ni nani angekunja yote hayo na mwanamke mwenye kitambaa cha njano akabaki salama.

"Umeishika pembe yangu," Dada Kigoda alikuwa akisema.

"Samahani, nilidhani ni yangu."

"Achia basi."

"Naachia. Nimeachia kidogo."

Jioni simu zikaanza.

"Dada, samahani kukusumbua. Ile sabuni ya mashuka ya hospitali inatangulia au inafuata?"

"Fundi, wewe huko kwenye sabuni hufanyi kazi."

"Napenda kujua kazi nzima."

"Inatangulia. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Pumzi mbili kwenye waya, na upande mmoja mama mtu anakohoa makusudi.

"Ni nani anakohoa?"

"Ni mama. Anakusalimia."

"Mwambie nimepokea. Haya, lala salama, mpenda sabuni."

Fundi alipokata simu, mama yake alimwangalia juu ya miwani. "Mwanangu, sabuni hiyo ina jina?"

"Mama, nawe!"

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi nilikuwa nakusaidia kukohoa."

*

Kazi ya msindikizaji ni kuondoka. Ndivyo walivyofundishwa. Kigoda kinaanza ubavuni mwa mtu, kisha kinahamia kwenye vikapu, kisha mlangoni, kisha nje chini ya dirisha, na siku moja hakiji kabisa. Msindikizaji asiyeondoka hajamsaidia mtu, amemwongezea mkongojo.

Palikuwa na sharti jingine, na hili Dada Kigoda hakumwambia Fundi. Msindikizaji haruhusiwi kuwa na uhusiano na mtu wake, wala ahadi, wala dokezo, mpaka mtu huyo aajiriwe na faili lake lifungwe. Ni sharti zuri. Mtu asiye na kazi hawezi kumwambia hapana yule anayemshikia mlango. Dada alilikubali kwa akili yake yote, na usiku alilichukia kwa moyo wake wote. Njia ilikuwa moja tu, Fundi aajiriwe upesi. Basi akakisogeza kigoda haraka kuliko kawaida.

Fundi yeye aliona kigoda kinakwenda tu. Kilipofika mlangoni alimfuata wakati wa chai.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Unaendelea vizuri."

"Nikiendelea vizuri ndiyo unanikimbia?"

"Fundi, natamani faili lako lifungwe hata leo. Sina ninachotaka zaidi ya hicho."

Alilisema kwa moyo wote, macho yakimng'aa. Ukilisikia kwa sikio lake, lilikuwa neno la mapenzi kupita yote aliyowahi kutamka. Ukilisikia kwa sikio la mtu aliyefukuzwa kila mlango wa mji, lilikuwa neno la mtu aliyechoka nawe. Fundi akarudi kazini bila kumaliza chai.

Wiki iliyofuata kigoda kilikaa nje, chini ya dirisha. Asubuhi hiyo Mama Mkwe akazimika ghafla. Fundi alikuwa amesimama kando ya kitufe chekundu, anatetemeka, shuka nusu limo ndani na linaanza kuungua. Dada Kigoda akaingia mbio, kigoda kwapani.

"Niko hapa. Pumua. Niko hapa."

Akakaa ubavuni mwake mpaka jioni. Baada ya siku mbili akarudi mlangoni, mashine ikazimika tena. Akasogea. Akaondoka tena, ikazimika tena.

Mama Mvuke akaja mikono kiunoni. "Mashuka ya hospitali yamechelewa. Simu zinapigwa mpaka naogopa kupokea. Fundi, mwanangu, nakupenda, lakini hii mashine ikizimwa tena kwa woga, unarudi ukumbini kwa halmashauri, na mimi sitachukua mwingine."

Dada Kigoda hakulala. Alijilaumu yeye, haraka yake, tamaa yake. Alidhani moyo wake ndio uliomrudisha mtu wa watu kwenye woga. Asubuhi akavaa gauni la kijani la mikono mirefu chini ya koti, ili ajitie nguvu, akaenda kukaa dirishani ambako anaona bila kuonekana.

Akaona yote. Fundi alilisha shuka, tena shuka, kwa wepesi, huku akipiga mluzi. Kisha akageuka kuangalia mlangoni, akaona hakuna kigoda. Mluzi ukakatika. Akanyoosha mkono kwenye kitufe chekundu, kilichokuwa upande wake wa kushoto.

Ulikuwa mkono wa kushoto.

Mtu huyu akiogopa, mkono ule unaingia mfukoni kabla ya kitu kingine chochote. Dada Kigoda alikuwa anaujua woga wake kuliko anavyoijua njia ya nyumbani kwao, na huo haukuwa woga.

"Usikiguse!" alipiga kelele dirishani, na mkono ukasimama hewani.

*

Walikutana uani, kwenye kamba za mashuka, upepo unayapiga yote usoni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Dada—"

"Tangu lini huogopi?"

Fundi akainamisha kichwa. "Tangu kigoda kilipofika mlangoni."

"Na zile siku zote? Nilikuwa nakaa pale nakuambia upumue, nawe unapumua vizuri kuliko mimi?"

"Ulikuwa unaondoka. Ulisema unatamani faili lifungwe. Nikaona nikiwa mzima nakukosa, nikiwa mgonjwa nakupata. Wewe ungechagua nini?"

"Ningeuliza!" Machozi yalimtoka kwa hasira. "Ningefungua mdomo, nikauliza! Wewe umechukua woga uliokutesa ukaugeuza mchezo wa kuigiza. Kesho nikimleta mtu anayeogopa kweli, nani ataniamini? Pale ukumbini wamekaa watu wanaosubiri wewe ufaulu ili na wao wafunguliwe mlango. Uliwafikiria?"

"Sikuwafikiria."

"Na mimi je?"

"Wewe nilikufikiria mno," alisema Fundi.

Dada Kigoda akakunja kigoda chake. "Mimi sitasema kitu kwa Mama Mvuke. Hilo utalibeba mwenyewe kama utaliweza. Lakini sirudi. Na usinipigie simu, si ya sabuni wala ya maji."

Akaondoka kati ya mashuka, gauni la kijani likaonekana na kupotea, likaonekana na kupotea, hadi getini.

Jioni ile hakuna aliyekohoa nyumbani kwa Fundi. Mama yake alisikiliza yote, mkono shavuni. Alipomaliza akamwambia, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Uliuficha mkono, ukauficha moyo, ukauficha na uzima. Sasa kitu gani kimebaki cha kumwonyesha mtu?"

Asubuhi Fundi akasimama mbele ya Mama Mvuke, mikono yote miwili nje, akaeleza kila kitu. Wafanyakazi waliacha kazi wasikilize.

"Yaani," alisema Mama Mvuke polepole, "wagonjwa wamelalia magodoro matupu kwa sababu ya mahaba yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo unayemlilia, ulijua kwamba msindikizaji haruhusiwi hata kumkonyeza mtu wake mpaka aajiriwe? Sharti liko kwenye makubaliano, nimelisaini mimi mwenyewe. Mtoto wa watu anakimbiza faili lifungwe apate kukupenda kwa halali, wewe kila siku unalifungua kwa kitufe chekundu!"

Fundi akakaa juu ya kikapu cha mashuka machafu. Kwa mara ya kwanza hata Mama Mvuke akamhurumia, ila hakumwonyesha.

"Inuka. Leo unakwenda hospitali na gari la mizigo, unawapelekea mashuka mwenyewe na unawaomba radhi. Kisha nakuongezea mwezi wa majaribio, bila kigoda. Na Jumatatu halmashauri wanamleta mama mmoja aliyemuuguza mumewe miaka mingi hadi akamzika. Hajawahi kusimama mbele ya mashine. Huyo ni wako."

Mama yule alipofika, Mama Mkwe aliponguruma tu, alirudi nyuma mpaka ukutani, kanga ya begani imeshikwa kwa mikono miwili. Wengine wakaguna. Mmoja akauliza kama na huyu naye anapenda mtu. Hapo Fundi akaona kwa macho yake alichokiharibu, kikamuuma kuliko msumeno.

"Huyu anaogopa kweli," aliwaambia kwa sauti. "Mimi najua tofauti."

Akageuza ndoo, akaikalia ubavuni mwa mama yule, akatoa chungwa mfukoni. Mfuko ule wa kushoto siku hizi ulikuwa na nafasi.

*

Mwezi ulikwisha bila kitufe chekundu kuguswa. Mama mgeni alikuwa analisha mashuka huku akimgombeza Fundi kwamba anampa pole nyingi mno. Viwanda jirani vilianza kumuuliza Mama Mvuke watu hawa wanapatikana vipi. Asubuhi moja akamwita Fundi ofisini, akampa kalamu, na Fundi akaweka sahihi, karatasi ameibana kwa vile vidole viwili vya kushoto.

Mchana alitoka hadi uani, akapiga namba ambayo hakuipiga mwezi mzima.

"Halo," ilisema sauti aliyoikosa.

"Naomba kuongea na halmashauri. Kuna faili langu huko."

"Limefungwa. Limeletwa mezani kwangu asubuhi hii, nimelifunga mwenyewe."

"Ulilifunga kwa furaha au kwa hasira?"

"Hasira ziliisha siku niliyosikia umekalia ndoo."

"Nani alikwambia?"

"Mama Mvuke. Anapiga simu kila siku. Yeye hajui kuongea chini, ofisi nzima inajua habari zako."

"Basi nauliza, kama ulivyoniambia niulize. Unanipenda?"

"Geuka," ilisema simu.

Alikuwa getini, amevaa lile gauni la kijani, safari hii bila koti la halmashauri, na kigoda kiko kwapani. Hakuja moja kwa moja. Akakikunjua chini ya dirisha, akakaa kidogo. Akainuka, akakaa mlangoni. Akainuka, akakaa kwenye vikapu. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha elewa, wanacheka na kufuta macho. Mwisho, Fundi akimfuata nyuma, akakiweka pale pale pa siku ya kwanza, ubavuni mwa mashine, lakini hakukikalia.

"Mbona umechelewa njiani?" Fundi aliuliza.

"Nilikuwa narudi kama nilivyoondoka. Nisije nikakushtua."

Shuka lilikuwa linatoka kwenye mashine. Mama mgeni akasogea pembeni kwa adabu ya mtu mzima. Dada Kigoda akashika pembe zake, Fundi akashika zake, wakalinyoosha, wakatembea kukutana. Vidole vikagusana, vitano vya dada na viwili vya Fundi.

"Achia," alisema dada.

"Siachii. Nataka nije kwenu na mama yangu. Yeye hafuki moshi, ila anakohoa. Utakubali?"

"Nimekubali tangu ukumbini, ulipodondoka na kigoda changu."

"Mashuka yanapoa huko!" Mama Mvuke alipiga kelele kutoka mlangoni, akijipangusa macho na kona ya aproni. "Kunjeni kwanza, mtaoana baadaye!"

Wakakunja. Lilikuwa limekunjwa vibaya, pembe hazikulingana, na mama mgeni alilirudia baadaye peke yake bila kumwambia mtu.